Kaburi la Mbwa na Kaburi la Bwana Wake

Ndugu wasomaji, majira ya mvua yaliyopita mbwa wetu alikufa. Twajua kwamba wengine watacheka na kusema: Katekista ana vijana wa kufundisha na wagonjwa wa kutembelea, naye anakaa kuandika habari za mbwa! Tunawaombeni uvumilivu. Jambo hili lilianza kwa mbwa, lakini halikuishia kwa mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Watasema. Jina hilo hatukumpa sisi, alikuja nalo. Katika miaka ya 2016 na 2017, Watwa na Waluba wa jimbo la Tanganyika walipopigana, watu wengi sana waliacha vijiji vyao. Wengi walikaa kambini karibu na Kalemie, wengine walitawanyika kila upande. Mmoja wao, mzee wa peke yake, alifika kwetu katika milima ya Marungu. Vitu vyake vilikuwa vichache: furushi la nguo, wavu wa kuwindia, na mbwa mwekundu mwenye kengele ya mti shingoni.

Wasomaji wa porini wanamjua mbwa wa namna hiyo. Masikio yamesimama, mkia umejikunja, tena habweki kama mbwa wengine. Ndiyo sababu wawindaji humfunga kengele, wapate kumsikia anapopita majanini. Wazungu waliowapeleka mbwa hao Uingereza katika miaka ya 1930 waliwaita Basenji. Sisi tulimwuliza mzee jina la mbwa wake. Akacheka, akajibu: «Watasema. Nikimpa chakula, watasema mbona mbwa anakula na watu wana njaa. Nikimnyima, watasema mzee huyu hana huruma. Basi nimemwita Watasema, nao waseme.»

Mzee huyo alikaa kwetu miaka miwili. Mkubwa wa kijiji alimpa kibanda mwisho wa njia. Alisuka vikapu, akavibadilisha kwa muhogo. Siku ya Bwana alikuja kanisani, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, na Watasema alilala nje akimngoja. Hakuwa amebatizwa. Siku moja alitujia akasema: «Mwalimu, nami niandike kati ya hao wanaojifunza.» Tukamjibu kwamba darasa limekwisha kuanza, angoje darasa la mwaka unaofuata. Akasema: «Ndiyo, mwalimu,» akaenda zake.

Hakuliona darasa hilo. Mwaka 2019 alikufa usiku mmoja kwa homa. Sisi wakati ule tulikuwa parokiani, kwenye mkutano wa makatekista. Asubuhi kijana alikuja kwa baiskeli kutuletea habari. Alisema hivi: «Yule wa mbwa amekufa.» Hakusema amefariki, wala hakulitaja jina lake. Nasi, badala ya kupanda baiskeli ile na kurudi, tulijibu kwamba mkutano una maneno makubwa, vijana wamzike. Basi vijana wanne walimzika chini ya mvua, upesi upesi, katika pembe ya makaburi. Hakuwa na ukoo wa kumlilia. Tuliporudi tulikwenda pale, tukasali Baba Yetu mara moja, tukaahidi kuweka alama. Hatukuiweka. Watasema alilala juu ya udongo ule siku tatu, mpaka watoto wetu walipomvuta nyumbani kwa tonge la ugali.

Tangu siku hiyo alikuwa mbwa wetu. Aliwaona nyoka mbele ya watoto, aliwafukuza nyani katika mahindi, alikamata ndezi wengi. Mwisho alizeeka. Meno yalitoka, macho yakafunikwa na utando, na asubuhi moja ya Februari tulimkuta amelala nyuma ya jiko, baridi, kengele imenyamaza.

* * *

Sasa tuseme kwanza neno la mzoga, maana wengi hulifanya vibaya.

Sisi wenyewe, tunaungama, fikira yetu ya kwanza ilikuwa kumtupa bondeni. Ndivyo wengi wanavyofanya: mbwa akifa, hufungwa kamba mguuni, huburutwa, hutupwa korongoni au mtoni. Lakini bonde letu lina chemchemi, na maji ya chemchemi hiyo watu wanakunywa. Mzoga ukioza mle, uchafu wake unaingia mitungini mwetu. Tena mbwa wengine na nguruwe huja kuuchimbua na kuuburuta hata karibu na nyumba. Kutupa mzoga si kuuondoa. Ni kumpelekea jirani.

Tena yafaa kuuliza: amekufa kwa nini? Mbwa akifa baada ya kubadilika tabia, akiuma ovyo, akitokwa na mate mengi, akishindwa kumeza, akilegea miguu, inafaa kuogopa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo umo katika mate. Dalili zake zikishaonekana ndani ya mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, chanjo inaokoa. Kazi hiyo aliianza Louis Pasteur huko Ufaransa mwaka 1885, alipomtibu mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Duniani ugonjwa huo bado unaua watu maelfu na maelfu kila mwaka, wengi katika Afrika na Asia, na wengi wao ni watoto. Basi mbwa wa namna hiyo msimguse kwa mikono mitupu. Mpelekeeni habari daktari wa wanyama au mganga wa zahanati kabla ya kumzika. Na kama aliuma mtu, au mate yake yalimwingia mtu kidondani, kidonda kioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Msingoje kuona kama ataugua.

Wako watu wanaokula nyama ya mbwa, hatuwahukumu. Lakini mbwa aliyekufa kwa ugonjwa, au aliyekufa bila sababu kujulikana, asichunwe wala asiliwe.

Watasema hakuwa na dalili hizo. Alikuwa amechanjwa wakati mganga wa wanyama alipopita, na alikunywa maji mpaka siku ya mwisho. Hata hivyo tulivaa mifuko ya plastiki mikononi, tukamfunga katika gunia kuukuu. Tulihesabu hatua 60 kutoka chemchemi, kwenda upande wa juu usiofikiwa na mafuriko, tukachimba shimo la meta moja na zaidi. Tulipomwingiza tulijaza udongo, tukaushindilia, tukapanga mawe juu ili wanyama wasichimbue. Kiisha tulinawa kwa sabuni, na jembe tukaliosha.

* * *

Maneno ya mikono yakaisha, yakaja maneno ya roho.

Binti yetu wa miaka minane alisimama kando ya shimo, akauliza: «Baba, maiti ya Watasema inalala kichwa upande gani?» Tukamwambia: «Mtu ana maiti, mnyama ana mzoga.» Akanyamaza kidogo, akauliza tena: «Na msalaba, utauchonga wewe?» Kaka yake akaleta neno lingine. Alikuwa ameona katika simu ya mjomba wake picha za makaburi ya mbwa huko Ulaya, mawe mazuri, maua, na picha za mbwa wenyewe. Akasema: «Wale nao ni Wakristu, Baba. Mbona wao wanafanya?»

Watoto wakiuliza, katekista hana ruhusa ya kukimbia. Tuliketi juu ya mawe yaleyale tukajibu.

Ni kweli, yako makaburi ya namna hiyo. Karibu na Paris, mahali paitwapo Asnières, yako makaburi ya mbwa na wanyama wengine tangu mwaka 1899. Na yalianzaje? Mwaka 1898 ilitoka sheria ya Ufaransa kuhusu kuzika mizoga, maana watu wa Paris, kama watu wa kwetu, walikuwa wakiitupa mtoni. Basi hata kule, mambo yalianza kwa maji ya kunywa. Ndani ya makaburi hayo imesimama sanamu ya mbwa aitwaye Barry. Huyo aliishi kwa watawa wa Mtakatifu Agustino katika mlima wa Saint Bernard, mpakani mwa Uswisi na Italia, penye theluji nyingi. Husifiwa kwamba aliokoa watu zaidi ya 40 waliopotea katika theluji. Alikufa mwaka 1814. Lakini hakuzikwa Asnières: ngozi yake ilijazwa, naye anaonekana mpaka leo katika nyumba ya makumbusho mjini Bern. Wengine siku hizi huchoma mzoga na kuweka majivu nyumbani katika chombo. Kila nchi ina desturi zake.

Je, ni dhambi kumzika mbwa? Hapana. Je, ni dhambi kumlilia? Hapana. Mungu aliyeumba mtu ndiye aliyeumba mbwa, na Bwana wetu alisema kwamba hata shomoro mmoja haanguki bila Baba kujua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba wanyama wana haki ya kutendewa wema, na kwamba kuwatesa bure ni kujishushia heshima ya utu. Lakini inaongeza maneno mawili. La kwanza: tusiwape wanyama pendo linalowapasa watu tu. La pili: haifai kutumia kwa ajili ya wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kuondoa taabu ya watu.

Je, Watasema yuko mbinguni? Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba roho ya mnyama si kama roho ya mtu; mwili ukifa, nayo inakoma. Mtakatifu Paulo naye aandika kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, vikingoja kufunguliwa. Na marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si’ ya mwaka 2015, alisema kwamba katika uzima wa milele kila kiumbe, kimegeuzwa na kung’aa, kitakuwa na nafasi yake. Basi tuliwaambia watoto: Mungu hapotezi kitu alichokipenda, namna yake ni siri yake. Lakini msalaba hatuuweki hapa. Msalaba ni alama ya mtu ambaye Kristu alimfia na ambaye atamfufua. Tukiuweka kila mahali, hautasema kitu tena.

Hatukumwombea mbwa Raha ya Milele. Tulimshukuru Mungu aliyetupa mlinzi, tukafanya ishara ya msalaba sisi wenyewe, basi. Binti yetu akasema: «Hata ubao tu wa jina?» Hilo hatukuweza kukataa. Tulikuwa na ubao mmoja wa mti mgumu, usioliwa na mchwa, tuliouweka kwa ajili ya kutengeneza mlango. Tukasema kesho tutaukata.

* * *

Jioni ile mama mmoja mzee alipita akitoka shambani, kuni kichwani. Aliyaona mawe yaliyopangwa vizuri na watoto wakitandaza maua. Alisimama, akatutazama kwa muda. Kiisha akasema kwa upole, bila hasira: «Mwalimu, mmefanya vema. Lakini kaburi la mbwa limekuwa zuri kuliko la bwana wake.»

Akaenda zake na kuni zake.

Ndugu wasomaji, usiku ule hatukulala. Tulijibu kwanza rohoni kwa kujitetea: mkutano ulikuwa wa kazi ya Mungu, vijana walikuwepo, na mzee hakuwa ameandikwa. Kila jibu lilikuwa la kweli, na hata moja halikutupa usingizi. Tuliwasha taa, tukafungua Biblia mahali pasipofunguliwa mara nyingi, Kitabu cha Tobiti.

Wengi wanakijua kitabu hiki kwa sababu ya malaika Rafaeli na ya mbwa aliyefuatana na kijana Tobia safarini. Sisi wenyewe tulikuwa tumekitafuta kwa ajili ya mbwa, tupate kuwasimulia watoto. Lakini kabla ya mbwa kutokea katika kitabu hicho, wametokea wafu. Tobiti alikuwa mkimbizi, mtu aliyehamishwa kwa nguvu mpaka Ninawi. Aliwazika watu wa taifa lake waliouawa na kutupwa. Kwa ajili hiyo mali yake yote ilichukuliwa. Siku ya Pentekoste, meza imeandaliwa, aliambiwa kwamba kuna maiti sokoni. Aliacha chakula bila kukionja, akaenda kumchukua yule mfu, na jua lilipokuchwa akachimba kaburi. Nao majirani wakamcheka.

Yeye aliacha karamu. Sisi hatukuacha mkutano. Hapo tuliona jina la mbwa wetu kwa namna nyingine. Tobiti aliogopa Mungu, majirani wakasema. Sisi tuliogopa maneno ya wakubwa wa mkutano, kwamba watasema katekista wa kijiji fulani hayupo. Na kwa ajili ya watasema hiyo, mtu aliyetuomba mlango wa Kanisa alizikwa kama aliyetupwa.

Tulikuwa tumewafundisha watoto siku ileile kwamba mtu ana maiti na mnyama ana mzoga. Kwa midomo tulisema hivyo. Kwa mikono tulikuwa tumefundisha kinyume miaka mingi, nao walikuwa wakitazama.

Siku ya tatu tulikwenda kwa padri parokiani, tukamwambia yote. Hakutugombeza sana. Alieleza kwamba wakatekumeni, katika mambo ya mazishi, sheria ya Kanisa inawahesabu pamoja na waamini. Tukasema: «Lakini huyu hatukumwandika, Padri.» Akajibu: «Ninyi hamkumwandika. Mungu alimsikia alipoomba. Wekeni msalaba, nami nikipita nitabariki kaburi na kumwombea.»

Tukarudi. Ule ubao tukaukata, lakini haukuwa wa mbwa. Sisi na watoto tulikwenda katika pembe ile ya makaburi. Tulitafuta kwa muda, maana majani yalikuwa yamemeza kila kitu, na udongo ulikuwa umezama. Wawili kati ya wale vijana wanne, ambao sasa ni baba za watu, walikuja kutuonyesha mahali penyewe bila kuitwa. Tulifyeka, tukaongeza udongo, tukazungusha mawe, tukasimamisha msalaba. Juu yake tuliandika jina la mzee kwa chuma cha moto, na mwaka 2019. Mwaka wa kuzaliwa hakuna aliyeujua. Yule mama mzee alikuja na kibuyu cha maji, akanyunyiza, akalia kama mtu anavyomlilia kaka yake. Kilio hicho kilikuwa kimechelewa, lakini kilifika.

Binti yetu aliuliza: «Na Watasema atakuwa na nini?» Tukamwambia achague yeye mwenyewe, kitu kisichogharimu fedha. Alichagua mche wa mparachichi, akaupanda pembeni mwa mawe ya mbwa. Kengele ya mti hatukuizika. Imetundikwa mlangoni petu, na upepo ukivuma watoto husema: Watasema anapita.

* * *

Basi, ndugu wasomaji, tuwape shauri letu, ninyi mnaofuga.

Mnyama wenu akifa, msimtupe. Ulizeni amekufa kwa nini, jilindeni mikono, na kama mnashuku kichaa, mtafuteni mganga. Mzikeni mbali na maji, chini sana. Mwacheni mtoto alie, maana mtoto asiyefundishwa kushukuru kwa ajili ya mbwa atashukuruje kwa ajili ya mtu? Mkitaka ukumbusho, pandeni mti, wekeni jiwe, tunzeni kengele. Msalaba uacheni kwa watu. Na fedha za jiwe la kuchongwa, kama mnazo, tazameni kwanza kama hakuna jirani ambaye mtoto wake amefukuzwa shuleni kwa kukosa ada.

Tena kabla ya kulirudisha jembe nyumbani, ulizeni kama katika kijiji chenu hakuna kaburi la mtu asiye na ukoo, mkimbizi, mgeni, mzee wa peke yake, ambalo majani yamelimeza. Jembe limekwisha kutoka, na mikono imekwisha kuchafuka. Kazi iliyobaki ni ndogo.

Kila mwaka tarehe 2 Novemba tunawaombea marehemu wote. Sisi, tangu sasa, tunaanzia katika pembe ile. Tunamwomba mzee wetu atusamehe, naye mbele ya Mungu atuombee sisi tuliomwambia angoje.